Harufu ya kuungua kwenye gari: onyo la mapema lisilopaswa kupuuzwa Kibaha na Kisarawe

Na Mwandishi Wetu, Pwani

Kuzinduliwa kwa Bandari Kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 31, 2025 kumeupa Mkoa wa Pwani nafasi kubwa zaidi katika usafirishaji wa mizigo nchini. Ingawa Reli ya Kisasa imeanza kubeba sehemu ya mzigo huo, Barabara ya Morogoro inayopita Kibaha, makao makuu ya mkoa, imebaki kuwa njia kuu ya malori na mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda mikoa ya bara na nchi jirani zikiwemo Zambia, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa kusini, Wilaya ya Kisarawe inaunganishwa na Jiji la Dar es Salaam na barabara inayopanda vilima vya Pugu, ikibeba abiria, mihogo, mbao na vifaa vya ujenzi.

Barabara hizi mbili zina tabia tofauti, lakini zinafanana kwa jambo moja: zinalichosha gari. Ya Kibaha hulichosha kwa foleni, joto na uzito wa mizigo; ya Kisarawe kwa mlima wakati wa kwenda na mteremko wakati wa kurudi. Gari linapozidiwa, mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kuharibika, na taarifa hiyo huja kwa njia ya harufu ya kuungua inayosikika baada ya mwendo, dereva anapoegesha na kufungua mlango.

Harufu hiyo wengi wameizoea. Dereva huifungulia dirisha, abiria hukohoa na kunyamaza, na safari inaendelea. Makala haya yanaeleza harufu hizo hutoka wapi, ipi inaruhusu kusubiri fundi na ipi inataka watu washuke mara moja, na kwa nini taarifa hiyo muhimu hupotea kabla ya kumfikia mtu mwenye uwezo wa kuifanyia kazi.

Maswali matatu ya kuanzia

Harufu pekee haitoshi kumwambia fundi kilichoharibika. Dereva anayetaka kusaidiwa haraka anapaswa kuwa na majibu ya maswali matatu. Kwanza, harufu inafanana na nini: karatasi iliyoungua, mpira, oili, plastiki, kitu kitamu au mafuta? Pili, inasikika zaidi wapi: kwenye gurudumu moja, mbele kwenye boneti, chini ya gari au ndani ya chumba cha abiria? Tatu, inatokea lini: baada ya kupanda mlima, baada ya kushuka, kwenye foleni, au wakati kifaa fulani kama kiyoyozi kimewashwa?

Majibu ya maswali haya humpunguzia fundi kazi ya kubahatisha, na humpunguzia mwenye gari gharama ya kubadilishiwa vifaa vizima. Mteja anayesema tu kwamba gari linanuka anaweza kurudi gereji mara tatu. Anayesema kuwa gurudumu la mbele kushoto linanuka kila anaposhuka Pugu amekwisha kumwonyesha fundi mahali pa kuanzia.

Klachi na breki: harufu za mlima na foleni

Harufu inayosikika zaidi kwa magari yenye gia za kawaida yanayopanda vilima ni ya klachi. Sahani ya klachi huunganisha nguvu ya injini na giaboksi kwa msuguano. Dereva anapolishikilia gari mlimani kwa kucheza na pedali ya klachi badala ya kutumia breki, au anapotembea kwenye foleni huku mguu ukiwa umepumzika juu ya pedali, sahani hiyo huteleza bila kushika sawasawa. Msuguano huo huzaa joto, na bitana ya klachi hutoa harufu kali inayofanana na karatasi au nyasi zinazoungua.

Ikiwa harufu hiyo imetokea mara moja baada ya kupanda mlima na mzigo, kisha ikaisha gari lilipopumzishwa, huenda kosa ni la uendeshaji na linarekebishika. Ikiwa injini inapiga kelele nyingi wakati mwendo hauongezeki, klachi imekwisha au haikurekebishwa vizuri, na gari hilo halipaswi kupakizwa mzigo hadi lishughulikiwe. Lori linalopoteza klachi katikati ya mlima linaweza kusimama mahali pabaya, au kurudi nyuma kuelekea magari yanayolifuata.

Breki zina harufu yake: kali, inayochoma pua, yenye ladha ya kemikali. Husikika mara nyingi baada ya kushuka, kwa kuwa dereva aliyekanyaga breki muda wote wa mteremko amegeuza uzito wote wa gari kuwa joto kwenye magurudumu. Pedi zikishapata joto kupita kiasi hupungua uwezo wa kushika, na dereva hugundua hivyo wakati anapozihitaji zaidi. Ndiyo maana kanuni ya zamani ya madereva wa malori haijapitwa na wakati: mlima unashukwa kwa gia ile ile ambayo ungepandwa nayo, ili injini ilizuie gari na breki zibaki na akiba. Kutoa gia ili gari liserereke lenyewe kwa lengo la kubana mafuta ni kuziachia breki kazi ambayo hazikutengenezwa kuifanya peke yake.

Hali ya hewa ya Pwani inaongeza sababu nyingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwa vipimo vya kimataifa, mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishakuwa na maji ya takribani asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4, viwango hivyo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutengeneza mapovu, na pedali ya breki huzama hadi chini bila gari kusimama. Watengenezaji wengi hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, ushauri ambao wamiliki wengi wa magari hawaufahamu kwa sababu mafuta ya breki huongezwa tu yanapopungua.

Harufu ya breki inayotoka kwenye gurudumu moja tu ina maana tofauti. Mara nyingi ni breki iliyong'ang'ania: pedi zimebana na haziachii, au breki ya mkono haikurudi yote. Gari huvuta upande mmoja, hutumia mafuta mengi, na ringi ya gurudumu hilo huwa ya moto kuliko nyingine. Dereva asiishike ringi hiyo. Kusogeza kiganja karibu bila kugusa kunatosha kuhisi tofauti. Asiimwagie maji pia, kwa kuwa chuma chenye joto kali kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka. Katika magari makubwa, gurudumu lililobana au beringi iliyokauka grisi huweza kuwasha tairi, na moto wa tairi ni mgumu kuuzima.

Kuna harufu moja ya breki isiyo ya kutisha. Pedi mpya hutoa harufu kidogo katika safari za mwanzo. Ikiendelea baada ya hapo, gari lirudishwe kwa fundi aliyezifunga.

Oili, maji ya rejeta na mikanda

Harufu nzito ya oili inayoungua, pengine ikiambatana na moshi mwembamba wa rangi ya samawati kutoka kwenye boneti, kwa kawaida inaonyesha kuwa oili inavuja na kudondokea bomba la moshi lenye moto. Chanzo cha kawaida ni gasketi ya juu ya injini au sili iliyokakamaa. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoingia nchini yamekwishatumika nje, hasa Japani, na sehemu zake za mpira zimezeeka hata kama rangi ya nje inang'aa. Mengi huja na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa Kijapani, hivyo mmiliki hana njia ya kusoma ratiba ya matengenezo wala maana ya taa za onyo. Matone machache ya oili yanaweza kuvumiliwa hadi gereji. Oili nyingi juu ya bomba la moshi inaweza kuwaka.

Harufu tamu inayokaribia ya sharubati ni dalili ya maji maalumu ya kupozea injini kuvuja kwenye rejeta, kwenye mipira yake au kwenye kifaa cha kupasha joto ndani ya gari. Maji hayo yana kemikali ambayo ni sumu, hivyo yasiachwe kwenye beseni mahali ambapo watoto au mifugo wanaweza kuyanywa. Kipimo cha joto kikipanda, dereva asimame, azime injini na asubiri ipoe. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa wakati wa moto, mvuke na maji yaliyo kwenye shinikizo huruka usoni.

Mpira unaoungua huashiria mkanda wa injini unaoteleza, mara nyingi ukiambatana na mlio, au tairi linalosugua bodi kwa sababu gari limezidishiwa mzigo. Harufu ya yai bovu nayo isipuuzwe. Inaweza kutoka kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi na kutoa gesi inayoweza kulipuka; katika hali hiyo asisogezwe mtu mwenye sigara wala kiberiti.

Plastiki, mafuta na gesi: hapa hakuna kusubiri

Ziko harufu tatu ambazo hazitoi muda wa kufika gereji.

Ya kwanza ni ya plastiki inayoungua, ambayo ni dalili ya waya kupata joto. Chanzo chake mara nyingi ni nyongeza zilizowekwa baada ya gari kununuliwa: redio kubwa, taa za ziada, mfumo wa kamsa au chaja zilizounganishwa bila kupitia fyuzi. Hatari huongezeka pale fyuzi inapoungua mara kwa mara na mtu akaamua kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya mahali pake. Kazi ya fyuzi ni kukatika ili waya usiungue. Anayeiondoa hajatengeneza gari. Ameondoa kinga na kuliacha tatizo lilipo.

Ya pili ni ya petroli au dizeli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na huweza kuwaka kwa cheche ndogo. Taifa lina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu mjini Morogoro, kwenye barabara hii hii inayopita Kibaha. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Somo la Msamvu linahusu malori, lakini halikuishia kwenye malori. Petroli inayonuka nje ya tangi, iwe lita moja au maelfu ya lita, ni amri ya kuondoka.

Ya tatu ni ya gesi. Magari yanayotumia gesi asilia iliyoshindiliwa yanaongezeka, na gesi hiyo huwekewa kemikali yenye harufu mbaya ili uvujaji utambulike. Harufu hiyo ikisikika ndani ya gari, injini izimwe, milango ifunguliwe, abiria washuke na valvu ya mtungi ifungwe na mtu anayejua ilipo. Gari hilo likaguliwe na fundi aliyefuzu mfumo wa gesi.

Kwa wakazi wa vijijini Kisarawe na kwa wageni wanaotembelea Msitu wa Hifadhi wa Pugu–Kazimzumbwi kuna tahadhari ya ziada. Bomba la moshi, hasa kifaa kinachosafisha moshi chini ya gari, hupata joto la mamia ya nyuzi wakati wa mwendo. Nyasi kavu zilizonasa chini ya gari hunuka kama shamba linalochomwa, na gari likiegeshwa juu ya nyasi ndefu wakati wa kiangazi linaweza kuanzisha moto unaoteketeza gari na sehemu ya msitu.

Hatua za kuchukua barabarani

Dereva anaposikia harufu ya kuungua, hatua ya kwanza ni kusogea pembeni mahali salama, mbali na vituo vya mafuta, nyumba na nyasi kavu. Azime injini, awashe taa za tahadhari na aweke pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma ya gari. Abiria washuke upande usio na magari na wasimame mbali na barabara.

Iwapo kuna moshi kutoka kwenye boneti, boneti isifunguliwe wazi, kwa kuwa hewa inayoingia ghafla huukuza moto. Mwenye mtungi wa kuzimia moto ausukumie unga kupitia uwazi mdogo, akisimama upande ambao upepo unatoka. Moto ukishinda mtungi mmoja mdogo, ni wakati wa kuondoka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa namba 112. Mtoa taarifa ataje mahali kwa alama zinazojulikana: Maili Moja, Mlandizi, Vigwaza, au kijiji na njia panda iliyo karibu.

Hakuna mzigo, simu wala begi linalostahili mtu kurudi ndani ya gari linalowaka.

Kwa nini onyo halifiki

Yote yaliyoelezwa hapo juu fundi mzoefu anayajua, na madereva wengi wanayajua nusu yake. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye njia ambayo taarifa hupita.

Katika magari mengi ya biashara, anayesikia harufu ni dereva, lakini anayelipa fundi ni mmiliki, ambaye yuko mbali na gari. Kati yao kuna hesabu ya siku. Dereva akilisimamisha gari mchana kwa sababu ya harufu, hesabu haitimii, na huenda kesho funguo akapewa mwingine. Mmiliki naye huipata habari pale gari linapokuwa limekwishaharibika, na gharama ya pedi imegeuka kuwa gharama ya gurudumu zima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika biashara hii, mwenye kuuona ufa na mwenye fedha za kuuziba hawakai meza moja.

Sheria haimpi nafuu yeyote kati yao. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani chombo kibovu kinachohatarisha watu, na ukaguzi wa Kikosi cha Usalama Barabarani unalenga kulitimiza hilo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, inasimamia leseni za usafirishaji wa kibiashara na kuthibitisha madereva wake. Hata hivyo, ukaguzi hufanyika kwa siku na saa maalumu, gari likiwa limesimama na limepoa. Harufu husikika gari likiwa na joto, likiwa na abiria, saa ambayo hakuna mkaguzi. Mkaguzi pekee wa saa hiyo ni aliye ndani ya gari.

Hivyo yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya. Wamiliki wanaweza kuweka daftari dogo ndani ya gari, dereva aandike tarehe, harufu, mahali na hali ya safari, na makubaliano ya kazi yaeleze wazi kuwa siku iliyosimamishwa kwa sababu ya usalama haidaiwi hesabu. Mafundi wa gereji za pembezoni mwa barabara, ambao wengi walijifunza kazi kwa kuangalia na kutenda, wanaweza kutumia utaratibu wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ili wapimwe, wajazwe pale palipopungua na wapewe vyeti. Abiria nao wanayo haki ya kumwambia dereva au kondakta kuwa wanasikia harufu, na wakipuuzwa, haki ya kutoa taarifa kwa askari wa usalama barabarani au LATRA wakiwa na namba ya gari.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani ya Tumbi, iliyopo Kibaha, kwa miaka mingi imekuwa ikipokea majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro. Kadiri shughuli za Kwala zinavyokua na mji wa Kisarawe unavyozidi kuungana na Dar es Salaam, magari yataongezeka katika barabara hizi, na pamoja nayo breki zilizochoka, waya zilizounganishwa ovyo na klachi zilizokwisha. Pedi za breki hubadilishwa kwa muda wa saa chache. Mwananchi anayesikia harufu ya kuungua leo ahesabu kuwa amekwishapewa taarifa, asimame, achunguze na aeleze alichokisikia kwa mtu anayeweza kukitengeneza.